Gamba la kijivu kwenye tawi bovu: Peniophora, Phanerochaete au Amylostereum?

Kuvumbao: Wakuu, nina kuvu iliyojibandika kwenye tawi kama rangi iliyokauka, kijivu, unene wake haufiki hata milimita. Kwenye hadubini naona sistidia (seli tasa zinazochomoza kwenye uso wa kuvu) za kuta nene, ncha zimevaa fuwele kama chenga za sukari. Spora ni laini, zimepinda kama soseji, mikromita 8–9 kwa 2.5. Nimebaki na jenasi hizo tatu. Nianzie wapi?

Gogobovu: Sistidia zisikutie pupa, zote tatu zinazo. Tafuta klampi, kile kipindo kidogo kinachoruka ukuta kati ya seli mbili za uzi wa kuvu. Phanerochaete kwa kawaida haina, labda hapa na pale kwenye nyuzi pana za chini kabisa. Peniophora nyingi zinazo, na Amylostereum pia.

Mkatomwembamba: Sawa, ila klampi zinatesa. Peniophora nyuzi zake zimegandana mno, unaweza kukesha. Mimi huanza na dawa ya Melzer: kwa ile iodini, spora za Amylostereum hugeuka bluu-kijivu, za wenzake hazibadiliki. Halafu Amylostereum hukaa kwenye misonobari na jamii yake. Tawi lako ni la mti gani?

Asiditaratibu: Mmesahau sulfovanilini! Peniophora nyingi zina gleosistidia, vifuko vyenye mafuta mafuta ndani, na dawa hiyo huvifanya vyeusi-bluu. Phanerochaete haina vifuko hivyo. Angalizo: kuna asidi ya salfa humo, lenzi isiguse tone. Nimeshaharibu moja.

Gogobovu: Nakubali, japo visipogeuka usiifute Peniophora papo hapo, zipo zisizo navyo. Na ponda kipande kwenye potasi (maji ya KOH) kwanza, nyuzi ziachane. Ukikata tu, klampi hutaziona.

Kuvumbao: Nimerudi. Melzer: hakuna rangi. Potasi: klampi tatu za wazi, baada ya vipande vinne na shingo kuuma. Sulfovanilini: vifuko vimekuwa vyeusi tii. Niandike Peniophora cinerea?

Mkatomwembamba: Andika Peniophora, uishie hapo. Za kijivu zinafanana sana, na swali langu la mti hujalijibu.

Kuvumbao: Nililiokota chini, mkuu. Gome lote limeshatoka.