Nilikatika kano ya kisigino cha kulia, sasa cha kushoto kinauma. Nicheze bonanza?

Beki wa Temeke: Habari wakuu. Mwaka jana kwenye mechi ya maveterani nilisikia "pwaa" nyuma ya mguu, nikageuka nimwone aliyenipiga teke, hakuna mtu. Kano imekatika. Nikashonwa, nikafungwa plasta ngumu, nikavaa kiatu maalumu. Sasa ni mwezi wa sita tangu niumie, natembea vizuri, ila kigimbi cha kulia kimebaki chembamba, na asubuhi nikishuka kitandani kisigino cha KUSHOTO ndicho kinachokaza. Wenzangu wananiita kwenye bonanza mwisho wa mwezi. Naombeni ushauri.

Winga Teleza: Cheza mkuu! Beckham alikatika Machi 2010, Septemba akawa uwanjani.

Dada Viungo: Beckham alikuwa na wataalamu wanamwangalia kila siku. Kaka pole sana, kazi yangu ni mazoezi tiba. Kukatika tena palepale hutokea zaidi miezi ya mwanzo, na walioshonwa wana nafuu: utafiti wa Norway wa 2022 ulikuta asilimia 0.6 tu ya walioshonwa walikatika tena ndani ya mwaka, dhidi ya 6.2 kwa wasiopasuliwa. Hofu yangu ni kushoto. Aliyekatika upande mmoja yuko hatarini zaidi upande wa pili. Usihesabu miezi, pima nguvu. Shika ukuta, simama kwa mguu mmoja, nyanyua kisigino mpaka juu kabisa, shusha taratibu. Linganisha miguu, idadi na kimo.

Mfamasia wa Mbagala: Mkuu, kabla ya kuumia ulimeza sipro, ile antibiotiki? Watu wanazinunua kama karanga kwa UTI na taifodi. Ciprofloxacin na ndugu yake levofloxacin zinaweza kudhoofisha kano, hata miezi kadhaa baada ya kumaliza dozi. Marekani waliagiza onyo kali kwenye dawa hizo tangu 2008. Ukichanganya na prednisolone (dawa ya steroidi), au ukiwa umevuka miaka 60, hatari inapanda.

Beki wa Temeke: Nilimeza, tena wiki chache kabla ya mechi ile. Kote nilikotibiwa hakuna aliyeniuliza. Halafu kuna jamaa anataka kunichoma sindano ya steroidi hapo kushoto ili maumivu yaishe.

Dada Viungo: Usikubali kabisa! Maumivu yatatulia, kano inalegea, nawe utakimbia ukidhani umepona. Mwambie daktari wako habari ya sipro, iandikwe kwenye faili.

Beki wa Temeke: Nimejipima hapa sebuleni. Kushoto kinapanda mpaka juu, kulia kinaishia nusu na mguu unatetemeka. Bonanza nitakaa benchi. Kushoto nifanyeje wakati kinauma?

Dada Viungo: Daktari akiguse kwanza. Akiruhusu, anza kunyanyua kwa miguu yote miwili, polepole. Maumivu madogo wakati wa zoezi si tatizo, ila yakizidi kesho yake asubuhi, punguza. Ngazi na kuruka bado.

Mfamasia wa Mbagala: Na UTI ikirudi, dukani useme mapema kwamba kano yako ilishawahi kukatika, upewe dawa ya kundi lingine.