Maumivu baada ya upasuaji wa uzazi: tupunguze vipi pethidini na tramadoli wodini?

Mkunga_Zamu: Habari za kazi wapendwa. Wodi yetu ya wazazi bado inategemea pethidini ya sindano (dawa kali ya maumivu ya jamii ya mofini) siku ya kwanza, kisha tramadoli mg 50 mara tatu hadi mama aruhusiwe. Wanasinzia, wanatapika, na bado asubuhi hawataki kusimama. Parasetamoli na diklofenaki zipo, ila zinaandikwa za kutolewa mama akilalamika. Mofini ya kuweka mgongoni hatuna. Tupange vipi?

Ganzi_Salama: Dada, anzia kwenye chati. Dawa ziandikwe kwa saa.

Parasetamoli g 1: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Diklofenaki mg 50 au ibuprofeni mg 400 (moja tu kati ya hizo): saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Endelea siku 3 hata akisema hajambo. Kila moja inazuia maumivu kwa njia yake, ndiyo maana zikienda pamoja hitaji la mofini linashuka.

Dozi ya kwanza itangulie kuisha kwa ganzi ya mgongoni. Kidonge huchukua karibu saa nzima kushika, kwa hiyo ukisubiri alie umeshachelewa. Diklofenaki mg 100 ya njia ya haja kubwa inafaa sana akiwa bado mezani, mradi damu imetulia. Ila kikomo cha siku ni mg 150, hivyo zimebaki 50 tu.

Dozi inayorukwa ni ya saa 6 usiku. Muuguzi yuko peke yake, mama kalala, anaachwa apumzike. Ikifika alfajiri kajikunja, hageuki, hakohoi, mpira wa mkojo hautoki, na zamu ya asubuhi inaomba pethidini. Mwamsheni jamani.

Dkt_Mshono: Naongezea ganzi ya kidonda, kwa kuwa mofini ya mgongoni hamna. Chukua bupivakaini ya asilimia 0.5, ml 20, changanya na maji ya chumvi ml 20: unapata ml 40 zenye mg 100. Daktari aidunge kabla ya kufunga ngozi, nusu chini ya utando wa misuli na nusu chini ya ngozi, akivuta bomba kila mara kuhakikisha hayumo kwenye mshipa. Usizidi mg 2 kwa kilo, ukihesabu na ile ya mgongoni. Mama wa kilo 50 aliyepata mg 10 mgongoni, mwisho wake ni ml 36 za mchanganyiko huo. Ile bupivakaini nzito ya mgongoni, yenye sukari, si ya kazi hii. Midomo ikifa ganzi au masikio yakivuma, simamisha mara moja: degedege linaweza kufuata.

Mfamasia_Wodi: Tramadoli na kodeini zina shida ya pekee kwa anayenyonyesha. Kuna watu ambao ini lao linazigeuza kuwa dawa kali haraka mno, na mtoto anaipata kwenye maziwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2017 wasipewe wanaonyonyesha. Pethidini nayo huacha masalia yanayokaa muda mrefu mwilini mwa kichanga. Maumivu yakizidi licha ya dawa za saa, afadhali mofini ya kunywa mg 5, umpime tena baada ya saa moja. Kabla ya kurudia hesabu pumzi, na mtazame mtoto: akilegea au akishindwa kunyonya, acha.

Waulizeni pia ndugu wamenunua nini nje. Vidonge vya mchanganyiko wa diklofenaki na parasetamoli vinauzwa kila duka, na dozi inajirudia bila mtu kujua.

Mkunga_Zamu: Asanteni sana. Na mama wa kifafa cha mimba?

Mfamasia_Wodi: Shinikizo la damu peke yake si kizuizi cha diklofenaki wala ibuprofeni. Angalia figo, kiasi cha mkojo na chembe sahani (zile zinazogandisha damu). Kimoja kikiwa kibaya, au akiwa bado anavuja damu, ana vidonda vya tumbo au pumu inayochochewa na asprini, acha diklofenaki na ibuprofeni kabisa. Abaki na parasetamoli na ganzi ya kidonda, na mofini kidogo akihitaji.

Ganzi_Salama: Kumwinua: avute pumzi, alale ubavu, ashushe miguu, ndipo ajisukume kwa mkono. Akikohoa akandamize mshono kwa kanga iliyokunjwa. Maumivu yanayopanda baada ya siku ya 3, homa ya 38, usaha au tumbo kuvimba msiyafunike kwa dozi zaidi. Aitwe daktari afungue bandeji akitazame kidonda.