Ford Model T au Dodge Brothers: nichukue lipi?

Chuma_Kikuukuu: Wakuu, salaam. Nimepata magari mawili ya kale, hela yangu inatosha moja tu. La kwanza Ford Model T ya 1915, la pili Dodge Brothers ya 1917. Yote yanawaka. Muuzaji anataka jibu wiki hii. Nichukue lipi?

Spana14: Mkuu, mbona hujasema kitu? Unataka la kuendesha au la kupaki watu walitazame? Namba ya injini umeiona? Stata (mota ya kuwashia injini) ipo au ni hendeli ya kuzungusha kwa mkono? Weka picha.

Mama_Karabureta: Dodge. Umeme wa volti 12, bodi ya chuma, stata na jenereta ni kitu kimoja kilichofungwa kwa cheni kwenye injini, kwa hiyo inawaka kimya kimya. Enzi hizo wenye Ford bado wanazungusha hendeli. Ila gia zake zimepangwa kinyume na tulivyozoea, utahangaika mwanzoni.

MzeeHendeli: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Model T zilitengenezwa milioni 15, 1908 hadi 1927, na vipuri vipya vinatoka hadi leo. Ile stata-jenereta ya Dodge ikifa utajua hujui. Halafu John na Horace Dodge wenyewe walianza kwa kumtengenezea Ford vipuri, tangu 1903.

Mama_Karabureta: Ndiyo maana walipotoa la kwao 1914 walishajua cha kukwepa, mzee wangu 😀

Chuma_Kikuukuu: La kuendesha wikiendi. Model T ina stata, rejeta (kipoza maji ya injini) nyeusi, bodi nyekundu, imenyooka sana.

Spana14: Ya 1915, rejeta nyeusi, na stata juu? Ganda la rejeta la shaba lilikaa hadi modeli za 1916, jeusi likaja 1917. Stata ni kuanzia 1919, na injini za kabla ya hapo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Hilo limeunganishwa kutoka magari tofauti. Namba iko ubavu wa kushoto wa injini, juu ya mahali maji yanapoingilia. Isome mwenyewe, usisomewe. Na injini zilibadilishwa sana, kwa hiyo namba itakupa umri wa injini tu.

Babiti: Na nyekundu imetoka wapi? 1914 hadi 1925 zilitoka nyeusi tu.

MzeeHendeli: Rangi haiendeshi gari.

Babiti: Haya, la maana ni difu, zile gia za ekseli ya nyuma zinazozungusha magurudumu. Mimi gereji moja iliniuzia Model T ikaapa difu imefunguliwa na kutengenezwa upya. Kiwandani mle ndani waliweka washa (pete bapa za kushikilia gia) za babiti, chuma laini kinachosagika kwa umri. Tunateremka kilima na mke wangu, nikasikia mkoromo nyuma, kisha pedali ya breki haina kazi. Breki ya mguu ya Model T inashika ndani ya giaboksi, haigusi magurudumu. Washa zikisagika gia za difu zinaachana, unabaki unashika shafti isiyofika popote. Pedali ya rivasi, ambayo wengi huitegemea kama breki ya akiba, nayo bure kwa sababu ileile. Ikabaki breki ya mkono, vingoma vidogo vya nyuma vya kuegeshea. Nikavuta kwa nguvu zote, mwendo ukapungua kidogo, tukaishia kwenye majani. Tulipofungua difu, mafuta yamejaa unga wa kijivu na washa ni zilezile za zamani. Sasa nimeweka za bronzi na breki za ziada nyuma. Gereji hawapokei simu.

Mama_Karabureta: Pole kaka. Shemeji alikubali kupanda tena?

Babiti: Anapanda, ila kwenye tambarare.

Spana14: Mwanzisha mada, difu ifunguliwe ukiwa umesimama hapo. Na Dodge je?

Chuma_Kikuukuu: Sijaikagua vizuri, ilikuwa nyuma ya stoo. Spoki za mbao zinalia ukiisukuma.

MzeeHendeli: Zimwagie maji zivimbe.

Spana14: Hapana mzee! Zikikauka zinalegea kuliko mwanzo, na rimu inaota kutu. Spoki inayocheza inabadilishwa.

MzeeHendeli: Tumemwagia toka zamani na hakuna gurudumu lililovunjika.

Babiti: Samahani nachomekea: petroli yenye ethanoli imeyeyusha laka ya boya la karabureta (linaloelea na kufunga mafuta yakijaa), lile la gome la mti. Limelowa, linazama, mafuta yanamwagika. Nikiweka boya la shaba litakaa?

Mama_Karabureta: Karabureta ipi, Holley au Kingston?