Mtu akizidiwa na mawazo kijijini, tunaanzia wapi?

Mdau_Njombe: Wakuu habari zenu, niko kwenye kamati ya zahanati huku kwetu, watu wanazidiwa na mawazo hawalali hawali, lakini ukitaja tu afya ya akili unajibiwa "kwani mi chizi unipeleke Mirembe?" Na hiyo hospitali ya akili iko Dodoma, mbali. Tunaanzia wapi jamani?

KalamuNyeusi: Mkuu acheni kwanza hilo jina. Zimbabwe daktari wa magonjwa ya akili, Dk. Dixon Chibanda, alianza 2006 pale Mbare, Harare, na bibi 14 tu, hakuna hela wala chumba, wakaweka benchi nje ya zahanati, bibi anakaa na mtu anamsikiliza mpaka amalize, halafu wanachagua tatizo moja wanalitafutia njia. Na hawasemi depresheni, wanasema kufungisisa, Kishona hicho, yaani kuwaza kupita kiasi. Sasa sisi si neno mawazo tunalo tayari?

chausiku88: Bibi wa mtaani kwetu?? siri yako inafika kilabuni kabla wewe hujafika nyumbani 😂

KalamuNyeusi: Ndo maana wanafundishwa na kusimamiwa, siyo unaokota bibi yeyote. Majaribio yao ya watu 573 yalichapishwa 2016, baada ya miezi 6 waliopita benchini walikuwa na nafuu kuliko wa huduma ya kawaida. Ila anayesikia sauti au anataka kujiua apelekwe kwa daktari fasta, huyo msimwachie bibi.

Mdau_Njombe: Benchi lipo, wanalikalia wa kliniki ya watoto. Jumatatu namuuliza mganga mfawidhi.