Tupeane uzoefu: Stresi za kila siku, umewahi kuigeuza hata moja ikakufaa?

#1 (mwanzisha mada)

Wadau, habari za muda huu. Nisingependa tuongelee misiba na mambo mazito, yale yana njia yake. Naulizia zile stresi za kila siku: kazi zimerundikana, mtoto ana homa na kesho asubuhi una kikao, deni linakaribia tarehe yake. Kuna aliyewahi kuichukua stresi ya namna hiyo ikamfanyia kazi badala ya kumla?

Naanza mimi. Niko kwenye mahesabu. Kila mwisho wa mwezi tumbo lilikuwa linanikata siku tatu mfululizo. Mwezi mmoja nikapeleka ripoti yenye sifuri moja iliyozidi, na ilishafika juu kabla sijaiona. Jioni ile sikujiambia "tulia" kama nilivyozoea. Nilikaa nikajiuliza: hivi naogopa nini hasa? Nikapitia ripoti ukurasa kwa ukurasa, nikisikiliza tumbo. Kurasa kumi na moja, kimya. Ukurasa wa kumi na mbili, likakata. Ni hesabu za idara moja ambayo huleta takwimu zake saa za mwisho, nami nazipachika mbiombio bila kukagua. Kumbe miaka yote ile nilikuwa naogopa ukurasa mmoja!

Siku hizi idara ile naipigia simu tarehe 20. Moyo bado unadunda mwisho wa mwezi, ila nikiusikia najua wa kumuuliza ni nani na nini.

Karibuni.

#2

Asante kwa mada, mkuu. Yangu fupi. Siku ya kutetea tasnifu nilijifungia chooni, viganja vimelowa, magoti hayana nguvu. Kila nikijiambia tulia, nazidi kutetemeka. Nilikuwa nimesoma utafiti wa Alison Wood Brooks wa mwaka 2014: walioambiwa wajisemee kwamba wamesisimka walihutubia na kufanya hesabu vizuri kuliko walioambiwa watulie. Maana mwili ulioshtuka ni vigumu kuulaza ghafla, lakini hofu na hamu zote mbili huja na mapigo yale yale ya moyo, kwa hiyo kuvuka kutoka moja kwenda nyingine ni hatua fupi. Nikasema kwa sauti, peke yangu mle ndani, "Nina hamu ya kuwaeleza hawa watu nilichokipata." Nikasema mara tatu. Nikaingia bado natetemeka, lakini nilianza kuongea kabla ya kuulizwa. Hiyo kwangu ilikuwa mara ya kwanza.

#3

Mimi ni muuguzi. Shida yangu ilikuwa kitanda. Nikilala tu, kichwa kinafungua duka: sijampigia fulani, fomu ile sijajaza, kesho zamu inaanza saa ngapi. Nageuka upande huu, nageuka ule.

Sasa nina daftari dogo na kalamu iliyofungwa kwa uzi ili isipotee. Dakika tano kabla ya kuzima taa naandika ya kesho. Na siandiki "kushughulikia fomu", naandika "fomu, ukurasa wa 2, sahihi ya msimamizi, kabla ya saa nne". Michael Scullin na wenzake walilipima jambo hili kwenye maabara ya usingizi, wakachapisha mwaka 2018: walioandika kazi zinazowasubiri walisinzia mapema kwa takriban dakika tisa kuliko walioandika walizokwisha kumaliza, na kadiri orodha ilivyokuwa ya kina ndivyo usingizi ulivyowahi. Dakika tisa anaweza kuzidharau asiyejua kukodolea dari macho. Na asubuhi nakuta mpango wa siku umeshaandikwa, na ulioniandikia ni wasiwasi wangu wenyewe.

#4

Ndugu zangu, mniwie radhi, nakuja na upande mwingine. Kuna stresi haigeuziki, na anayeambiwa aigeuze anaongezewa mzigo juu ya mzigo.

Hans Selye, ambaye mwaka 1936 alieleza jinsi mwili unavyoitikia mashambulizi ya kila aina, alitaja hatua tatu: mwili hushtuka, kisha hustahimili, na shinikizo lisipokoma huishiwa. Mimi nilifika hiyo ya tatu. Nilikuwa nasifiwa kazini kwa kuvumilia, huku nywele zinanyonyoka na usingizi umenihama wiki sita. Daktari ndiye aliyenisimamisha. Yeyote aliye hapo sasa hivi, au anayejisikia hataki tena kuishi, asisubiri mbinu za humu, amwone daktari leo.

Hata hivyo nami nina kitu cha kuchangia. Daktari alinipa kazi ya wiki mbili: kila nikikuta nimekaza taya, niandike saa na kilichotokea kabla. Nilipata mara 23. Mara 17 ni ujumbe wa kazi ulioingia baada ya saa za kazi, wote kutoka kwa mtu mmoja. Mwaka mzima nilikuwa nasema "kazi imenishinda." Haikunishinda kazi. Nikaichukua ile karatasi, nikaenda nayo kwake, maana ndiye mkuu wangu. Ukilalamika kwa mdomo unaambiwa wote tumechoka, lakini saa na tarehe zina uzito wake. Tukakubaliana mwisho wa kutumiana ujumbe ni saa kumi na mbili jioni. Alikaa wiki tatu akarudia. Nikaomba kuhama kitengo kwa karatasi ile ile, nikahamishwa.

#5

Nimesoma #4 nikalia kidogo. Mimi namuuguza mama yangu nyumbani. Nampenda, na kuna siku nakuwa na hasira hadi nasaga meno. Siku moja alimwaga maji kitandani kwa mara ya tatu, nikamfokea mwanangu aliyekuwa amesimama tu mlangoni na taulo mkononi. Alikuwa ameleta taulo bila kuagizwa. Sura yake siku ile haijanitoka.

Nilichojifunza ni kuupa mwili kazi kabla ya mdomo. Ukishtuka, adrenalini (homoni ya mshtuko) inapanda, ini linamwaga sukari kwenye damu ili misuli ipate nguvu, halafu wewe umekaa kwenye kiti! Ile nguvu inatafuta pa kutokea. Sasa nikianza kusaga meno natoka, napanda na kushuka ngazi mara nne, au nafua shuka kwa mkono ingawa mashine ipo. Nikirudi napumua, na shuka ni safi. Mwanangu ameshaijua ishara, akiniona naelekea ngazini anabaki na bibi yake.

#6 (mwanzisha mada)

#4, nashukuru umesema. Kweli nilianzisha mada nikidhani kila moja inageuzwa. Swali: ulijuaje kwamba ni ya kuhama na siyo ya kutafutia mbinu?

#7 (yule wa #4)

Mkuu, ukurasa wako wa kumi na mbili ulikuwa mikononi mwako: ulipiga simu tarehe 20, tumbo likapungua. Mimi nilikuwa nimeshafanya kila lililo mikononi mwangu, na taya bado inakaza. Nilichohama ni kile ambacho funguo zake anazo mtu mwingine, na nilishamwomba, akakubali, akarudia.

#8

Mimi sina hadithi bado. Nimeanza daftari la taya leo. Mpaka sasa mara mbili, na zote ni kabla ya kumpigia kaka yangu. Nitarudi baada ya wiki mbili.