Skrini tatu kwenye Debian: nibaki na draiva ya NVIDIA, nirudi Nouveau, au niing'oe kadi?

MpangaKurasa

Habari zenu nyote. Ninapanga kurasa za vitabu vya shule katika ofisi ndogo hapa Ngara, Nairobi, na kwa kazi hiyo ninatumia kompyuta ya mezani ya mtumba iliyotoka Uingereza, yenye prosesa ya Intel Core ya kizazi cha 4, ramu ya gigabaiti 16 na mfumo wa Debian 12, ambao ni aina ya Linux. Nina skrini tatu: ya katikati ni ya inchi 27 yenye pikseli 2560 kwa 1440, na za kandoni ni za inchi 24 zenye pikseli 1920 kwa 1080. Kadi ya michoro ni Quadro P620 yenye matundu manne madogo ya DisplayPort, nami huiendesha kwa draiva ya NVIDIA iliyomo katika hazina ya Debian yenyewe.

Jumatatu nilisasisha mfumo, nikawasha upya, na skrini mbili za kando zikabaki nyeusi huku ya katikati ikirudi na maandishi makubwa ya pikseli 1024 kwa 768. Kupitia GRUB, menyu ya kuwashia mashine, nilichagua kiini (kernel) cha zamani na kila kitu kikakaa sawa, kwa hiyo kazi haikusimama. Hata hivyo hii ni mara ya pili mwaka huu, na sitaki ya tatu inikute siku ya kupeleka kitabu kwa mpiga chapa. Naona njia nne: kubaki nilipo, kurudi kwenye Nouveau, yaani draiva huria ya kadi za NVIDIA, kuing'oa kadi na kutumia michoro iliyo ndani ya prosesa, au kutafuta kadi ya AMD. Sichezi michezo wala sihariri video. Kutwa nzima ni Scribus ya kupanga kurasa, Inkscape ya kuchora na GIMP ya picha. Naomba mnilinganishie.

Fundi_Mwenda

Ndugu, dalili ulizoeleza zinaelekeza mahali pamoja. Draiva ya NVIDIA haimo ndani ya kiini cha Linux. Ni moduli ya nje, yaani kipande cha programu kinachopachikwa kwenye kiini, ambayo zana iitwayo DKMS huijenga upya kila kiini kipya kinapoingia. Ili ijengwe, ni lazima faili za vichwa (headers) vya kiini hicho, zinazotumika kujengea moduli, ziwepo, na kifurushi cha draiva hakikulazimishi kuwa nazo. Zikikosekana, moduli haijengwi, na kwa kuwa kifurushi hichohicho kimeizuia Nouveau isipakiwe, hakuna draiva yoyote inayobaki isipokuwa ile ya dharura inayojua skrini moja tu kwa ukubwa ulioachwa na BIOS. Andika `dkms status` uone kama kiini kipya kimetajwa. Kisha sakinisha `linux-headers-amd64`, yaani kifurushi cha jumla kinachofuata kila kiini kipya, wala si kile chenye nambari ya toleo moja. Nashuku ulisakinisha chenye nambari.

Kama pia umewasha Secure Boot, ulinzi unaokataa programu zisizo na saini mashine inapowaka, hakikisha moduli imetiwa saini kwa ufunguo ulioandikishwa katika mashine, maana bila saini hiyo itajengwa vizuri kabisa na bado ikataliwe wakati wa kupakiwa.

MpangaKurasa

Umelenga penyewe, Fundi. `dkms status` inataja kiini cha zamani peke yake, na vichwa nilivyo navyo ni vya nambari. Kosa ni langu. Swali la kulinganisha bado lipo, kwa sababu ningependa mashine isiyonihitaji niyakumbuke haya.

Saumu_wa_South_B

Kaka, nimetumia Nouveau na kadi kama yako kwa karibu mwaka, kwa hiyo nitaisemea. Uzuri wake ni kwamba imo ndani ya kiini tangu toleo la 2.6.33 la mwaka 2010, haijengwi upya na mtu, na skrini tatu huzitambua bila wewe kugusa faili yoyote. Udhaifu wake ni kasi. Kuanzia kizazi cha pili cha Maxwell, yaani kadi za GTX 900, NVIDIA ilianza kudai programu dhibiti (firmware) yenye saini yake kabla kadi haijaruhusu kubadilishwa mwendo, na Pascal, ambayo ndiyo familia ya P620, imo katika kundi hilo. Matokeo yake ni kwamba kadi hubaki katika mwendo ule wa chini iliowashiwa nao, kama matatu iliyokwama kwenye gia ya kwanza Barabara ya Thika. Kwa barua na kurasa za maandishi hutaona tofauti. Ukikuza picha nzito ndani ya Inkscape utaiona. Usisahau pia kifurushi cha `firmware-misc-nonfree`, kwa sababu bila programu dhibiti hiyo kadi huonyesha picha tu na kazi ya kuchora yote hurudi kwa prosesa.

Mimi nilichoka na kuganda kwa ghafla, skrini zote tatu kwa pamoja, mara moja au mbili kwa mwezi. Sikuwahi kupata sababu.

Fundi_Mwenda

Naongeza jambo kuhusu umri. NVIDIA imetangaza kwamba mfululizo wa 580 wa draiva yake ndio wa mwisho kuhudumia vizazi vya Maxwell, Pascal na Volta. Moduli zao za msimbo wazi zilizotolewa Mei 2022 nazo zinaanzia kizazi cha Turing, ambacho ni cha mwaka 2018. Kwa hiyo P620 haimo upande wowote wa mambo mapya. Ndani ya Debian 12 itaendelea kufanya kazi, lakini hiyo ni barabara inayofika mwisho, na wenye kadi za Kepler, kizazi cha kabla ya Maxwell, waliokuwa wakitegemea mfululizo wa 470 wameshafika.

Tundu_na_Waya

Ndugu Mpanga, mbona nyote mnaipita njia ya tatu upesi hivyo? Prosesa za Intel za kizazi cha 4 zina uwezo wa kuendesha skrini tatu kwa wakati mmoja. Za kizazi cha 2 ziliishia mbili. Draiva yake, i915, imo ndani ya kiini, nayo husasishwa pamoja na kiini. Swali la maana ni matundu yaliyo nyuma ya mashine. Kompyuta nyingi za ofisini za wakati huo zina DisplayPort mbili na VGA moja, na hapo ndipo hesabu inapoanza.

Skrini ya 1440 ipe DisplayPort moja kwa moja, waya mtupu bila adapta. Adapta za bei nafuu za kwenda HDMI zilizojaa Luthuli Avenue nyingi ni zile zisizo na saketi ya kubadilisha ishara, na aina yake ya kwanza huishia takriban pikseli 1920 kwa 1200, hata kama boksi limeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu. Adapta kama hiyo inaitosha skrini ya pili ya 1080. Ya tatu itakwenda kwa VGA: itafanya kazi, ila maandishi yatakuwa na ukungu kidogo, hivyo weka hapo barua pepe na usiweke kurasa za kusahihisha. Hakikisha vilevile kwamba ramu yako ni vijiti viwili vya gigabaiti 8 na si kimoja cha 16, kwa sababu michoro ya ndani hukopa ramu ya mashine na kijiti kimoja huipunguzia upana wa njia.

Omondi_Pikseli

Mimi ni mtu wa AMD, nanyi mnajua nitasema nini. Draiva ya amdgpu imo ndani ya kiini tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015, na sehemu yake ya OpenGL na Vulkan, njia ambazo programu hutumia kuchorea, hutoka Mesa, mkusanyo huria ambao Debian huuweka mapema. Kinachoongezwa ni `firmware-amd-graphics` pekee. Kwa mashine nyembamba tafuta Radeon Pro WX 4100: ni fupi, haihitaji waya wa ziada wa umeme, na ina matundu manne madogo ya DisplayPort kama hiyo uliyo nayo, kwa hiyo waya zako zote zitabaki zilezile. Jihadhari na kadi za zamani za HD 5000 na HD 6000 ambazo wauzaji hupenda kuzisifu, kwa kuwa zinaweza kuendesha skrini mbili tu za HDMI, DVI au VGA, na ya tatu ni lazima iwe ya DisplayPort au ipitie adapta yenye saketi yake.

Iwapo utakwenda AMD au Intel, hamia Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye skrini. Xorg, ule wa zamani, huziona skrini zote kama uwanja mmoja, na hapo kuzipa vipimo tofauti vya ukuzaji ni taabu tupu.

Saumu_wa_South_B

Kwa Wayland sikubaliani nawe, kaka Omondi, angalau katika kisa hiki. Inchi 27 za 1440 ni takriban pikseli 109 kwa kila inchi, na inchi 24 za 1080 ni takriban 92. Tofauti hiyo haihitaji ukuzaji wowote, na kama skrini zote zinakwenda kwa hezi 60, sababu kubwa za kuhama hazimhusu.

Omondi_Pikseli

Hesabu yako ni sahihi, dada. Nilikuwa naifikiria skrini yangu ya 4K.

MpangaKurasa

Nimerudi na matokeo. Jumamosi nilianza na lile lisilo na gharama: niliing'oa P620, nikakuta nyuma ya mashine DisplayPort mbili na VGA kama Tundu alivyokisia, na nikaunganisha kwa mpangilio aliouandika. Skrini zote tatu ziliwaka, lakini hati yangu ya xrandr, amri ya kupanga skrini, ilikataa. Kumbe draiva ya NVIDIA huhesabu matundu kuanzia DP-0, ilhali hii ya Intel huanzia DP-1, kwa hiyo nilikuwa naamrisha skrini isiyokuwepo. Kitabu cha kurasa 240 chenye picha kinafunguka ndani ya Scribus bila tofauti ninayoweza kuiona kwa macho. Inkscape imekuwa nzito kidogo kwenye ramani zenye tabaka nyingi. Skrini ya VGA ilikuja imesogea kushoto, nikabonyeza kitufe chake cha kujipanga ikatulia.

Fundi_Mwenda

Safi. Ondoa vifurushi vya draiva ya zamani kwa `apt purge '*nvidia*'`, usiviache vikilala humo, kwa sababu ukija kuirudisha kadi hiyo siku moja ili ujaribu Nouveau, ule mzuio utakuwa bado upo nawe utakuwa umeusahau.

MpangaKurasa

Nimeviondoa, nikasasisha kiini na kuwasha upya mara mbili. Skrini tatu zimekuja zenyewe mara zote mbili. Omondi, ukiiona hiyo WX 4100 mahali mjini, nijulishe bei kabla sijamaliza ramani za kitabu cha Darasa la 6.