Tamthilia ya Yell (NHK, 2020): vipindi vingapi, na nyimbo zake zinaingiaje kwenye ganuni?

Bahari_Malindi:
Assalaam alaykum. Naulizia Yell, ile tamthilia ya Kijapani ya mtunzi wa muziki na mkewe. Pengine naona vipindi 120, pengine 130, na baada ya cha 65 vinaanza tena upya. Ipi sahihi? Pia maandishi ya chini yanaanza sawa, kisha yanazidi kuchelewa. Na kwa wenye ganuni (ala ya taarabu yenye nyuzi nyingi) na fidla, nyimbo zake tuzishike kwa maqam gani, yaani mpangilio gani wa sauti?

Shangani_Sinema:
Waalaykum salaam. Ni 120. Vilipangwa 130, korona ikavikata. Vya 1 hadi 65 vilirushwa Machi 30 hadi Juni 26, siku tano kwa wiki, dakika 15 kila kimoja. Upigaji picha ukasimama, NHK, shirika la utangazaji la Japani, ikarejesha toka cha kwanza, na cha 66 kikatoka Septemba 14. Kwa hivyo faili lenye tarehe ya Julai au Agosti ni marudio, lifute. Vya Jumamosi navyo ni muhtasari wa wiki. Kisa kinamalizikia cha 119. Cha 120 ni tamasha, waigizaji wanaimba tu.

Wete_Fundi:
Maandishi yakichelewa kidogo kidogo, hayo yametengenezewa video ya fremu (picha) 23.976 kwa sekunde na yako ni ya 25. Mwisho wa dakika 15 yatakuwa nyuma kama sekunde 38. Fungua programu ya Subtitle Edit, badilisha fremu kutoka 23.976 kwenda 25, hifadhi kwa jina jipya. Kubonyeza G na H kwenye VLC hakufai hapa, kunasogeza yote kwa kiasi kimoja. Yakiruka ghafla pahala pamoja, aliyekata video kaondoa wimbo wa ufunguzi. Hapo ndipo G inatosha, toka pale walipokata.

Ganuni_Kokoni:
Kwanza jina. Koyama Yuichi wa kwenye tamthilia ni Koseki Yuji (1909–1989) wa Fukushima. Oto, mke wa Koyama, ni Kinko, mke wa Koseki, wa Toyohashi. Kampuni ya sahani za muziki ya "Columbus" ni Columbia. Nyimbo nyingi zimebaki na majina yake ya kweli, basi tafuta kwa Koseki. Kwa Koyama utaambulia tamthilia tu.

Nyimbo nyingi za Kijapani za zama zile zinaruka sauti ya nne na ya saba. Zenye huzuni: shika nahawandi (maqam ya huzuni) ya Do, acha Fa na Si, zinabaki Do, Re, Mi bemoli, Sol, La bemoli. Zenye furaha: ajam (maqam ya furaha), acha zile zile mbili. Vyuma vya ganuni, vile vya kupandisha na kushusha sauti ya nyuzi, vipange kabla, visiguswe katikati. Kinachoharibu ni fidla: mkono umezoea kupita Fa kwenye mapambo, na ikipita mara moja tu ladha yote inarudi Misri. Maqam za bayati na rasti msizikaribie, ile robo ya sauti yake haimo katika nyimbo hizi.

Ila si kila wimbo. "Nagasaki no Kane" (1949) inaanza kwa huzuni na kugeuka ya furaha kwenye kiitikio, basi ganuni iwe na mtu mwepesi wa vyuma. Machi ya Olimpiki ya Tokyo 1964 ni ya bendi ya tarumbeta, na karibu na mwisho mtasikia kipande cha wimbo wa taifa lao. Hiyo kwa udi na dumbak, mie nasema iacheni.

Bahari_Malindi:
Ahsanteni. Fremu nimeshabadilisha, yamekaa sawa. "Nagasaki no Kane", nani ana noti za fidla ya pili?